Askari Asomaye Barua

Msomaji, ukijaliwa kufika London, shuka katika stesheni ya Paddington, kisha uende Jukwaa la Kwanza. Hapo utaona sanamu ya shaba nyeusi ya askari aliyesimama. Hakuinua bunduki, wala hana adui mbele yake. Ameinamisha kichwa, anasoma barua. Koti lake zito limelala mabegani, na shingoni amevaa skafu ya kufumwa.

Sanamu hii ni ukumbusho wa wafanyakazi wa Great Western Railway, kampuni ya reli ya Uingereza. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia walikwenda vitani 25,479, na 2,524 hawakurudi. Ilifunuliwa tarehe 11 Novemba 1922. Mchongaji wake, Charles Sargeant Jagger, alipigana katika vita hivyo na kujeruhiwa; basi hakuhadithiwa habari za askari.

Uzuri wa kazi hii u katika barua ile. Wachongaji wengi humpa shujaa upanga. Jagger alimpa karatasi. Yaliyoandikwa huyaoni, na kwa sababu hiyo kila mama apitaye aweza kuwa ndiye aliyeyaandika. Mahali nako pameafikiana na jambo, kwani stesheni ni nyumba ya kuagana.

Lakini sifa bila haki ni urai, na kasoro yafaa itajwe. Majina ya wafu hayaonekani: yamefungiwa katika kisanduku ndani ya msingi wa sanamu. Mjane aliyekuja kulitafuta jina la mumewe aliambulia kugusa jiwe.

Hata hivyo, majina hayo yaliandikwa. Sasa itazame sanamu ya Nairobi, ukumbusho wa vita hivyo hivyo. Mchukuzi wa Kiafrika amesimama pale pamoja na askari, mwili umeumbwa vema, lakini jina hana. Wachukuzi makumi ya maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, na wengi wao majina yao hayakuhifadhiwa. Kikosi chao kimeacha jina la Kariokor. Wao wenyewe hawakuachiwa hata hilo.

Kwa hiyo, msomaji, uonapo ukumbusho wowote, usitosheke kuuliza kama umechongwa vizuri. Uliza pia majina yako wapi. Mchongaji aweza kumrudishia mfu uso wake. Jina lisiloandikwa hawezi kulirudisha.