Chainizi ya Soni, Moto wa Masaki

Mboga ya majani haina pa kujificha. Nyama ngumu huchemshwa ikalainika, samaki aliyechoka hupakwa viungo na pilipili akapita, lakini chainizi iliyovunwa juzi ikalala juani hujitangaza mara tu inapofika mezani: shina limekuwa nyuzi, jani limelegea, utamu umekwenda. Ndiyo maana nikitaka kumpima mpishi wa Kichina, hasa wa ile migahawa ya bei kali ya Masaki na Oysterbay, siagizi bata wala kambakochi kwanza. Naagiza chainizi kwa kitunguu saumu. Ni sahani nyepesi kuliko zote kwenye menyu, na ndiyo inayosema kweli kuliko zote.

Sisi tunaotoka Soni, kwenye milima ya Usambara, tunaijua mboga hiyo tangu ikiwa mche. Inapandwa mabondeni, kwenye matuta yanayonyweshwa kwa mifereji, pamoja na karoti, kabichi, hoho na liki. Inavunwa umande ungali juu yake, inafungwa mafungu, inabebwa hadi gulioni, pale barabara ya kutoka Mombo inapogawanyika, moja ikiendelea Lushoto na nyingine ikishika njia ya Bumbuli. Wachuuzi wanabishana bei, madalali wanahesabu, matenga na viroba vinapangwa juu ya fuso. Kisha gari linateremka zile kona zote, linapita maporomoko ya Soni, linafika Mombo kwenye joto, na kutoka hapo lina zaidi ya kilomita 300 kabla ya kuiona Dar es Salaam. Mboga inaingia jijini ikiwa na safari nzima mwilini mwake. Wanunuzi wa hoteli wanaichambua Kisutu au Kariakoo, na siku hiyo hiyo inawekwa mbele ya mtu mwenye karai. Kazi ya jembe, ya maji, ya mabega ya akina mama na ya dereva aliyekesha imekusanyika pale, na mtu huyo ana sekunde chache za kuitendea haki.

Migahawa mingi ya sasa imeweka kioo kati ya jiko na meza, na mimi hupenda kukaa karibu nacho. Karai ni la chuma cheusi, jembamba, lisilo na urembo wowote. Jiko linanguruma. Moto wake ni mkali mara nyingi kuliko wa jiko la gesi la nyumbani, na mpishi anauongoza kwa goti au mguu kwa sababu mikono yote miwili ina kazi. Anamwaga mafuta, anayazungusha, anangoja moshi mwembamba. Kitunguu saumu kinaingia na kutoa harufu kabla hakijabadilika rangi. Mashina yanatangulia, majani yanafuata. Mvuke unalipuka. Anasukuma karai mbele, analivuta nyuma, na mboga zinapaa, zinapinduka hewani, zinapita kwenye ulimi wa moto na kurudi juu ya chuma. Chumvi, sukari ya ncha ya kijiko, upawa mmoja wa supu, na tayari ziko kwenye sahani.

Kinachotokea pale kina sababu zake. Jani limejaa maji. Chuma kikiwa na moto wa kutosha, maji yanayotoka yanageuka mvuke papo hapo, uso wa jani unaungua kidogo tu, na ndani linabaki na ukakamavu wake. Moto ukipungua, au mpishi akiwa na tamaa akajaza karai kupita kiasi, maji yanatuama na mboga inachemka ndani ya machozi yake yenyewe. Rangi inafifia kuelekea ukijani wa matope. Mpishi aliyefika hapo hawezi kurudi nyuma, hata amwage sosi ya namna gani. Ile harufu ya moshi inayokuja puani mara unapoinua vijiti, inayodumu dakika mbili tatu tu kisha ikatoweka, haiuzwi kwenye chupa. Inatokana na mafuta, chuma na moto kukutana katika kipimo anachokijua mkono uliofanya kazi hiyo miaka.

Nasema mkono kwa maana yake kamili. Mwaka 2020 watafiti wawili wa chuo cha Georgia Tech huko Marekani, Hungtang Ko na David Hu, walichapisha uchunguzi wao kuhusu wapishi wanaorusha wali wa kukaanga. Waliona kwamba mpishi hulirusha karai karibu mara 3 kwa sekunde, akichanganya miondoko miwili: kusukuma na kuvuta, huku karai likibembea juu ya ukingo wa jiko. Bila kubembea huko wali usingepaa vizuri. Bila kupaa ungeungua. Waligusia pia jambo ambalo mla chakula halioni: maumivu ya bega ni ya kawaida kwa wapishi wa kazi hii. Tunaposifia wepesi wa sahani, tukumbuke kuwa kuna bega linalolipa.

Na haraka ile ya motoni imenunuliwa kwa subira ya mbaoni. Mpishi wa Kichina hufanya karibu kila kitu kwa kisu kimoja kipana. Ubapa wake unaponda kitunguu saumu na tangawizi, makali yanakata karoti nyuzi nyembamba, ubapa tena unabeba kilichokatwa hadi kwenye bakuli. Anayejifunza kazi huosha na kukata muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kushika karai. Si uonevu. Vipande visipolingana, vidogo vitaungua wakati vikubwa bado vibichi, na kwenye moto wa namna ile hakuna nafasi ya kusahihisha. Karoti ya Lushoto, ambayo sisi huitia kwenye pilau au kachumbari bila kuifikiria sana, nimewahi kuiona ikiwa imekatwa kwa usawa ulionifanya niishike kwanza niitazame. Ilikuwa tamu kuliko nilivyozoea, kwa sababu ilipita motoni kwa muda uliotosha kuuamsha utamu wake ukaishia hapo.

Kuacha mahali panapostahili ndio ufundi ninaousifu. Kuongeza ni rahisi: nazi, karanga, nyanya, kiungo hiki na kile. Sisemi hivyo kuyadharau mapishi yetu. Kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa kwa nazi hadi kikalainika kina hekima yake, na waliosema mchele mmoja mapishi mbalimbali hawakukosea. Lakini mpishi wa Kichina aliyekomaa ana ujasiri wa kuliachia jani liwe jani. Anaiamini mboga. Na kuiamini mboga ni kumwamini aliyeilima.

Yuan Mei, mshairi wa Nanjing aliyechapisha kitabu chake cha mapishi mwaka 1792, aligawa sifa za karamu nzuri kwa hesabu: sehemu 6 kati ya 10 ni za mpishi, 4 ni za aliyekwenda sokoni kununua. Naipenda hesabu hiyo kwa sababu inatoka kwa mtu aliyekula vizuri maisha yake yote na bado hakumpa mpishi kila kitu. Hata hivyo naona inahitaji kuendelezwa. Mnunuzi anayechagua fungu zuri Kisutu anachagua kilichokwisha kuwa kizuri bondeni. Katika zile sehemu 4, mkulima wa Soni ana haki ya kudai fungu lake.

Menyu za migahawa hii hazimpi. Nimesoma menyu zenye kurasa nyingi ambamo asili ya nyama imetajwa, chai imetajwa mkoa wake huko China, lakini mboga zimeandikwa mboga za msimu basi. Bei ya sahani moja ya mboga Masaki inanunua mafungu mengi ya mboga ile ile gulioni. Sina ugomvi na bei yenyewe; moto, kisu, bega na meza safi vina gharama. Ninachotaka ni jina. Andikeni Soni. Andikeni Lushoto. Kwa mla chakula wa Dar es Salaam majina hayo yana baridi na ukungu ndani yake, yanaamsha hamu kuliko neno lolote la kupamba, na zaidi ya hayo ni kweli.

Uhusiano wetu na China ni wa zamani kuliko migahawa hii. Sahani zilitangulia, mapishi yakachelewa: vyombo vya kauri vya China vilipamba nyumba za Kilwa na Gedi, na vipande vyake vinaokotwa hadi leo kwenye magofu ya pwani yetu. Mwanzoni mwa karne ya 15 merikebu za Zheng He, amiri wa China, zilifika Mogadishu na Malindi, na twiga wa Malindi akapelekwa China mwaka 1415. Karne nyingi baadaye, kati ya 1970 na 1975, maelfu ya Wachina walijenga reli ya TAZARA na kulima bustani za mboga kwenye kambi zao. Milimani kwetu Wajerumani walijaribu chai mwaka 1904 kwenye kituo chao cha Amani, na sasa mashamba ya chai yanaonekana upande wa Bumbuli. Pichi anazouza mama gulioni nazo asili yake ni China. Vitu vyenyewe vilikuwa vimeshapanda mlima muda mrefu, wakati wengi wetu tulikuwa bado hatujaonja upishi wa huko vilikotoka.

Kuna jambo la kusema wazi kwa wasomaji Waislamu, nao Usambara ni wengi. Ulizeni kabla ya kukaa. Mafuta ya nguruwe na mvinyo wa mchele ndivyo vya kuulizia, na mhudumu mwenye adabu atajibu bila kukunja uso. Upishi wa Kichina una mkondo wake wa halali, wenye fahari na ufundi usiopungua: tambi za kuvutwa kwa mkono za Lanzhou, katika supu ya ng'ombe, ni urithi wa Waislamu wa kabila la Hui. Donge la unga linavutwa, linakunjwa, linavutwa tena, mpaka nyuzi zinakuwa nyingi na nyembamba kwa kadiri mteja alivyoagiza. Jiko linalotaka kuitwa la kisasa Dar es Salaam lingefanya vema kuujua mkondo huo.

Kuhusu usasa wenyewe, sijali sana taa hafifu na kuta nyeusi, ingawa najua zilikotoka. Hakkasan ya Alan Yau, iliyofunguliwa London mwaka 2001, ilifundisha miji mingi kwamba chakula cha Kichina kinaweza kuvaa hivyo. Anasa niliyoithamini zaidi ni meza ya duara. Sahani zinazunguka, kila mtu anachota kidogo, mkubwa anasogezewa kilicho bora, na mazungumzo yanafuata chakula. Aliyekulia kwenye sinia hahitaji kufundishwa adabu za meza hiyo.

Kwa hiyo ukishuka Dar es Salaam na ndugu wakakukaribisha, nenda, na usiogope vijiti. Omba kijiko ukitaka. Nendeni watu wanne au sita, wawili hawatoshi. Agizeni chainizi kwa kitunguu saumu mwanzoni, muile ikiwa bado inatoa mvuke, na muulize imetoka wapi ili swali hilo lifike jikoni. Kisha samaki mzima wa mvuke. Chewa ndiye anayefaa, yule yule wa soko la Feri. Apikwe juu ya tangawizi, atolewe mara nyama inapoachia mfupa, na majani ya vitunguu yaliyokatwa nyuzi yamwagiwe mafuta ya moto mbele yenu mpaka yalie. Muachieni mzee wa meza shavu la samaki. Tofu ije baadaye, na kuku kama mna njaa. Wali mweupe uje mwisho, wa kumalizia mchuzi wa chewa.