Kuripoti na Kuhoji: Nakivubo na Mipaka ya Kamusi Elezo ya Mtandaoni katika Ufundishaji wa Uandishi wa Kitaaluma

Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba ya Uganda yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa hiyo wanahitajika walimu wanaoweza kuandika Kiswahili cha kitaaluma, si kukizungumza tu. Mbinu mojawapo ya kuwaandaa ni kuwapa kazi ya kuandika makala katika Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo iliyoanza mwaka 2003. Mbinu hiyo ina manufaa, lakini haifundishi yote inayotarajiwa kufundisha.

Nakivubo, katikati ya Kampala, ni mfano mzuri. Jina hilo linabeba uwanja wa michezo ulioanza mwaka 1926 na mfereji unaopeleka maji ya jiji hadi Ziwa Viktoria. Jirani yake ni soko la Owino. Mwanafunzi anayepaandikia makala hulazimika kupanga aya na kuonyesha chanzo cha kila dai. Tena, ana wasomaji halisi. Mzungumzaji wa Luganda, lugha ambamo sauti /r/ na /l/ hazitofautishi maana, huweza kuandika kwamba wananchi “walipiga kula”. Kosa hilo likiwa daftarini, humfikia mwalimu peke yake. Likiwa katika kamusi elezo, huonwa na yeyote. Hali hiyo hujenga uangalifu ambao wino mwekundu haujengi kila mara.

Kasoro inaanzia kwenye kanuni. Wikipedia hairuhusu utafiti mpya. Mwanafunzi aliyeuona mfereji ukifurika wakati wa mvua, akawa na hoja kuhusu sababu zake, hawezi kuiweka hoja hiyo mpaka iwe imechapishwa kwingine. Insha ya kitaaluma humtaka afanye kinyume: akusanye ushahidi, afikie uamuzi, kisha autetee. Anayefunzwa kwa kamusi elezo pekee atahitimu akijua kuripoti kauli za wengine. Aidha, vyanzo vingi kuhusu Nakivubo vimeandikwa kwa Kiingereza. Zoezi la kuandika hugeuka kuwa la kutafsiri, na programu ya tafsiri hulimaliza kwa dakika chache.

Upimaji nao una mtego wake. Mwishoni mwa mwaka 2009 Google iliandaa shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, lililowalenga wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania. Mashindano ya namna hiyo huongeza makala. Hata hivyo, wingi wa makala hauonyeshi kwamba mwandishi amejifunza kujenga hoja.

Hayo hayatoshi kuifanya mbinu hii itupwe. Kila makala ya Wikipedia ina ukurasa wa historia, unaohifadhi mabadiliko yote, na ukurasa wa majadiliano, ambamo mwandishi hutetea uamuzi wake. Mwalimu apime kurasa hizo kabla ya kuhesabu maneno. Kisha mwanafunzi aandike insha kutokana na vyanzo vilevile, na humo aseme alichokiona mferejini na kwa nini anaamini hivyo. Bila hatua hiyo ya pili, Uganda itapata walimu wanaonukuu vizuri kwa Kiswahili lakini wanaorudi kwenye Kiingereza kila wanapokuwa na la kwao la kusema.