Fundi Anayeanza kwa Sikio

Juni Songea ni mwezi wa makoti. Kijana aliyeingia kibandani kwa fundi, pale Majengo, alikuwa amefunga zipu hadi kidevuni, kwapani kabeba PlayStation 2 nyembamba iliyoviringishwa kwenye kanga ya mama yake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Inakataa zote au inachagua?"

Nilikuwa nimefuata redio yangu, lakini swali hilo likanikalisha kwenye benchi. Kijana akajibu kuwa CD za muziki inapiga, gemu ya mpira haitaki. Fundi akaguna. Alikuwa amepunguza kazi kabla hajashika bisibisi. Kichwa kimoja cha mashine hiyo kina miali miwili: wa CD wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 780, na wa DVD wenye nanomita 650. Mmoja huweza kuchoka mwenzake akiwa mzima. Tena mistari ya DVD imebanana mno. Kwenye upana wa unywele mmoja inaingia karibu mia. Kwa hiyo hata uchafu kidogo kwenye lenzi, DVD ndiyo inayoanza kulalamika.

Akafungua mfuniko, akabana vitufe vyake kwa vijiti vya meno ili mashine idhani imefungwa, kisha akawasha na kuinamisha sikio. Lenzi ikapanda na kushuka ikitafuta diski. Tik, tik, kimya. Aliichungulia kwa ubavu, wala hakuthubutu kuitazama kwa juu. Mwanga mwekundu ulikuwepo, ila hafifu.

Pamba aliilowesha spiriti kisha akaikamua hadi ikabaki na unyevu tu. Akapitisha juu ya lenzi mara moja, kama anayemfuta mtoto tongo. Lenzi imening'inia kwenye vijiwaya vyembamba, ukiikandamiza umeiua. Muda mrefu zaidi aliutumia kwenye reli. Grisi ya zamani ilikuwa imeganda na vumbi letu jekundu, akaikwangua, akapaka nyingine kiasi cha punje ya mtama, akazungusha gia kwa kidole hadi kichwa kikateleza bila kusita.

Pembeni ya lenzi kuna kiskrubu ambacho hakukigusa. Ukikizungusha, unaongeza umeme kwenye mwali. Mashine inasoma papo hapo, mteja anafurahi, na lenzi inakufa kabla ya siku zake. Ninajua, kwa sababu niliwahi kukizungusha mwenyewe nikajiona bingwa kwa wiki mbili.

Mashine hizi zilianza kuuzwa Japani Machi 2000, toleo jembamba likafuata 2004, na utengenezaji ukakoma 2013 baada ya kuuzwa zaidi ya milioni 150. Lenzi anazobadilishia fundi nyingi huzitoa kwenye mashine zilizokwisha kufa, zilizopangwa nyuma yake kama matofali. Ndiyo maana haharakishi kubadilisha.

Kutoka kwenye droo akatoa DVD halisi ya kiwandani, anayoitunza ndani ya kitambaa laini. Ikasoma bila shida. Akaweka ile ya kijana, nakala ya kuchoma yenye mkwaruzo wa duara. Tik, tik, kimya.

"Mashine yako inasoma," alisema. "Hii ndiyo iliyokwisha."

Nakala za kuchoma hurudisha mwanga kidogo kuliko za kiwandani, na lenzi iliyozeeka haina nguvu ya kuhangaika nazo. Mkwaruzo wa duara nao ni mbaya kuliko wa kukata kutoka katikati kwenda nje, kwa kuwa unafuata mstari wenyewe wa data na kuufuta kipande kirefu.

Alitoza fedha ya kusafisha tu. Fundi mwingine angeuza lenzi, na kijana asingejua.

Nawe ukipeleka yako, usiende na mashine peke yake. Beba na diski inayokataa.