Kanuni ya Gunicorn haijui RAM yako

Kama umewahi kuweka programu ya Django hewani, kanuni hii umekutana nayo: zidisha idadi ya kori za prosesa kwa 2, jumlisha 1, hao ndio wafanyakazi wako wa Gunicorn, yaani michakato itakayopokea maombi ya watumiaji. Imo kwenye mwongozo wake. Waandishi wenyewe wanakiri kwamba si ya kisayansi sana, ni pa kuanzia tu. Wanaoinakili ndio walioigeuza sheria.

Shida yangu nayo ni moja: RAM haimo. Chukua seva ndogo ya kukodi, kori 2, RAM GB 1. Kanuni inakupa wafanyakazi 5. Tuseme kila mmoja, akishapakia Django na maktaba zako, anakula MB 180. Hiyo ni MB 900. Sasa PostgreSQL ile nini? Kumbukumbu ikiisha, Linux inachagua mchakato wa kuua, na mtumiaji anaona 502. Hapo watu husema Django ni nzito. Jamani, hesabu ndiyo mbovu!

Utaambiwa: basi tumia --preload. Ushauri mzuri, ila husemwa nusu. Programu inapakiwa mara moja, kisha mchakato mama unazaa watoto wanaosoma kurasa zilezile za kumbukumbu. Mtoto anapewa nakala yake pale tu anapoandika kwenye ukurasa. Lakini kwenye Python hata kusoma ni kuandika. Kila kitu kina kihesabu cha marejeo. Ukikigusa, kihesabu kinabadilika, na ukurasa mzima, kwa kawaida KB 4, unanakiliwa.

Wahandisi wa Instagram, iliyojengwa kwa Django, nao walishuku kihesabu hicho. Walipopima wakakuta mkosaji mkubwa ni mkusanya taka, ambaye huandika kwenye vichwa vya vitu anapovikagua. Wakamzima, na Januari 2017 wakaeleza kwamba ufanisi ulipanda kwa 10%. (Na gc.disable() haikutosha, maana maktaba moja ilikuwa inamwasha tena kimyakimya.) Mwaka 2018 Python 3.7 ikaja na gc.freeze(): mchakato mama unaiita kabla ya kuzaa, na vitu vilivyokwisha kupakiwa mkusanya taka havigusi tena. Hiyo ni salama kuliko kumzima kabisa, kwani akizimwa, vitu vinavyorejeleana kwa mzunguko hubaki kwenye RAM mpaka mchakato ufe.

Unapopima, usijumlishe zile RSS za kwenye top, maana kurasa za pamoja utazihesabu mara 5. Tazama PSS ndani ya smaps_rollup ya kila mchakato, chini ya /proc. Yenyewe huzigawa kurasa hizo kwa wanaozitumia. Na upime seva ikiwa imeshahudumia watu kwa saa kadhaa, si ndiyo kwanza imewaka. Kisha tenga ya hifadhidata na ya mfumo, tuseme MB 400, kilichobaki gawanya kwa 180. Unapata wafanyakazi 3.