Kutakata si Kusogeza

Mhakiki mmoja ameilaani programu ya bao ipakuliwayo katika simu, akidai kuwa ni fumbo lisilofumbulika, kwani maneno yake "kunamua", "kutakata" na "mtaji" hayaeleweki bara. Amependekeza "kusogeza" litumike badala ya "kutakata". Hatuafikiani naye. Kutakata ni kucheza zamu isiyo na kula. Ukisema kusogeza, sharti lenyewe limepotea, na mchezaji hatajua kwa nini zamu nzima imepita bila ya kula hata kete moja.

Tena, bara hiyo ni ipi? Shinyanga na Geita Wasukuma wanalo isolo, mchezo wao wa mashimo na mbegu. Mchezaji wake hangoji kufundishwa hesabu na mtu wa pwani. Akosacho ni maelezo ya istilahi, na hapo tunakiri kwamba programu hiyo ni bahili mno. Dawa yake ni faharasa. Mwaka 2017, serikali ilipozuia kusafirishwa nje kwa mchanga wa madini wa Bulyanhulu na Buzwagi, wengi walikuwa hawajapata kulisikia neno "makinikia". Halikubadilishwa, lilielezwa, likaenea nchi nzima.