Ngoma ya Bretagne: Hatua Zipo, Maneno Je?

Wengi wetu tuishio Ulaya tumepata kuona picha za akinamama wa Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, wamevaa kofia ya lesi iliyosimama kama mnara. Kofia hiyo ni ya upande wa Pont-l'Abbé, na katika karne ya 20 iliendelea kurefuka mpaka ikapita sentimita 30. Siku hizi haivaliwi kwenda sokoni. Huvaliwa jukwaani na vikundi vya ngoma, ambavyo hushindana mbele ya majaji.

Kwa maoni yangu, jukwaa silo pa kuipimia sanaa hii. Mavazi yanapendeza na safu zimenyooka, lakini mtazamaji amekaa kitini. Mahali pake hasa ni fest-noz, yaani sherehe ya usiku. Hapo watu huja na nguo zao za kila siku, hushikana vidole vya mwisho na kuzunguka kuelekea kushoto, mzee kando ya mtoto, mgeni kando ya mwenyeji. Tusidhani imekuwa hivyo tangu kale. Ngoma hizi za wakulima zilikuwa zimefifia, na katika miaka ya 1950 Loeiz Ropars na wenzake walizifufua na kuzileta kumbini. Mwaka 2012 UNESCO iliiingiza fest-noz katika orodha ya urithi wa binadamu.

Wachezaji hupigiwa bombarde, ambayo ni jamaa ya zumari letu la pwani, pamoja na biniou, ala ndogo yenye mfuko wa hewa. Lakini uti wa mgongo wa ngoma ni kan ha diskan, waimbaji wawili bila ala yoyote. Wa kwanza hutoa mstari. Wa pili hudaka silabi za mwisho, wakaziimba pamoja, kisha akaurudia mstari peke yake, na mwenzake akadaka tena. Sauti haikatiki, na mguu haupati nafasi ya kusita. Mimi mhandisi naona huu ni mtambo usio na kipuri cha ziada.

Ila mtambo huu unaendeshwa na lugha. Utafiti wa mwaka 2024 ulikadiria wasemaji wa Kibretoni kuwa takriban 107,000, karibu nusu ya makadirio ya 2018. Shule za Diwan zimekuwa zikisomesha kwa lugha hiyo tangu 1977, lakini wengi katika mduara wanacheza maneno wasiyoyaelewa, na mzaha unapita bila kicheko. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema utamaduni huu umeokolewa. Zilizookolewa ni hatua. Asiyejua lugha anaweza kufuata. Kudaka na kujibu hawezi.

Arusi zetu ughaibuni zina kanga, biriani na taarabu mpaka usiku wa manane, na watoto wetu wanacheza na kutunza vizuri tu. Je, mwimbaji akitupa fumbo, nani kati yao atalidaka? Napendekeza katika hafla yetu ijayo, kabla ya muziki kuanza, watoto wafundishwe kiitikio kimoja pamoja na maana yake.