Biskuti za Jibini na Kazi ya Kuyatawala Maji

Katika majiko ya Urusi kuna biskuti inayokunjwa mara mbili hadi ikapata umbo la mguu wa bata bukini, na jina lake ni hilohilo. Ndani yake mna jibini laini ya chenga, siagi na unga. Nje sukari, ambayo wengi huichanganya na mdalasini. Kwa maoni yangu, bila mdalasini haijakamilika. Ni biskuti ya nyumbani, ya kunywea chai, na hata mtoto anaweza kuikunja. Lakini kuipata laini, yenye matabaka yanayoachana, na sukari iliyoshika rangi bila kuungua, hapo anatakiwa mtu anayeyajua maji.

Nasema maji kwa sababu karibu robo tatu ya jibini hiyo ni maji, na ustadi wote umo katika kuamua yatoke lini na yabaki kiasi gani. Kazi inaanza na maziwa yaliyoganda, mtindi kama huu wetu. Yanapashwa kwa moto mdogo mpaka yakatike, chenga nyeupe zijitenge na maji ya kijani hafifu, kisha yanamiminwa kwenye kitambaa na kutundikwa yachuruzike kwa saa kadhaa. Moto ukizidi, chenga hukakamaa na kusagika mdomoni, na hakuna siagi itakayozirudisha. Baadaye jibini hupitishwa kwenye chekecheke kwa mgongo wa kijiko. Ni hatua ya kuchosha, nayo huwatofautisha waokaji, maana kila bonge linalobaki huja kuchana donge wakati wa kusukuma.

Vipimo ni vyepesi: jibini gramu 250, siagi baridi gramu 200, unga kama gramu 300, kijiko cha chai cha baking poda, chumvi kidogo. Neno “kama” hapo kwenye unga lina uzito wake. Jibini ya leo si ya jana, kwa hiyo fundi hubakiza konzi ya unga pembeni na kuuliza vidole vyake. Donge likiacha kuganda mkononi, anaacha papo hapo. Halikandwi. Likikandwa, unga huvutika na biskuti huwa ngumu. Linakusanywa tu, linafungwa na kuwekwa kwenye friji kwa saa moja, siagi ishikane na unga unywe unyevu wa jibini.

Ninachokistahi zaidi ni kwamba ndani ya donge hamna sukari hata punje. Sukari huvuta maji; ukiitia mapema, jibini huyaachia yote na donge linalegea, nawe utaongeza unga, na kila konzi inaondoa ulaini uliokuwa unautafuta. Aliyegundua kwamba utamu ukae nje alikuwa ameitazama jibini kwa makini sana.

Donge husukumwa kama chapati, lakini nene kidogo, milimita 3 au 4, kisha hukatwa kwa mdomo wa glasi. Hapa mkono unatakiwa uwe mwepesi. Duara moja hulazwa kwenye sahani ya sukari na mdalasini, upande mmoja tu. Linakunjwa, sukari ikiwa ndani. Linalazwa tena, linakunjwa tena, sasa ni robo duara. Mara ya mwisho huchovywa uso wa juu peke yake. Chini huachwa bila sukari, kwani ingeyeyuka kwenye trei na kuwa chungu kabla ya katikati kuiva.

Oveni iwe na nyuzi 190, dakika 20 hadi 25. Maji yaliyobaki kwenye jibini hugeuka mvuke, mvuke unainua kila mkunjo, na ile robo inafunguka upande mpana, matabaka yakionekana yote. Harufu ya mdalasini hutangulia rangi, na asiyezoea hudhani zimeiva. Fundi husubiri kingo ziwe kahawia.

Ziliwe siku hiyohiyo. Kufika kesho, unyevu wa ndani huwa umeshaingia kwenye sukari na ganda la juu limelegea. Donge bichi, lakini, hulala vizuri kwenye friji, ndiyo maana wazoefu huoka za kutosha birika moja tu la chai na kubakiza donge la kesho.